Binti Amenipangia Siku ya Madaraja ya London, Nami Naogopa Yanavyoyumba

Swali: “Nina miaka 61, ni mwalimu mstaafu, naishi Tabata. Mungu akipenda, mwezi Aprili nitakwenda London kumtembelea binti yangu anayesoma huko. Ameniandalia siku nzima ya kuzunguka kwenye madaraja ya waenda kwa miguu, ya zamani na ya kisasa, kwa kuwa anasema majira hayo ya machipuko Mto Thames unapendeza sana. Tutaanza na lile linaloitwa Millennium. Sasa mjukuu wangu amenionyesha video ya daraja hilohilo likiyumba na watu wakitembea kama walevi. Mimi hata daraja la Manzese nalivuka nimeshika chuma, maana lori likipita chini nahisi linatetemeka, na nikifika katikati kichwa kinakuwa chepesi. Natumia dawa za presha. Je, daraja la namna hiyo haliwezi kuanguka tukiwa juu yake? Nimwambie binti aache, au niende nifumbe macho?”

Jibu: Shikamoo mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna hofu mbili zilizofungwa kitita kimoja, na kila moja ina jibu lake. Ya kwanza inahusu daraja: unaamini kwamba kinachoyumba kinakaribia kuanguka. Ya pili inahusu mwili wako: kichwa kinakuwa chepesi, nawe hujui kama kosa ni la daraja, la presha au la moyo kuogopa. Mimi ni mhandisi wa madaraja, kwa hiyo ya kwanza nitaijibu kwa kirefu. Ya pili nitakueleza ninayoyafahamu, kisha nitakuelekeza kwa wenye kazi yao. Kwa kifupi: nenda, usifumbe macho hata kidogo, na umwombe binti abadilishe mpangilio wa siku.

Video aliyokuonyesha mjukuu ni ya kweli. Daraja la Millennium lilifunguliwa kwa umma tarehe 10 Juni 2000, watu wakamiminika kwa maelfu, nalo likaanza kuyumba kulia na kushoto. Pale lilipoyumba zaidi, lilisogea kiasi cha sentimita 7 hivi, yaani upana wa vidole vinne. Kwa macho ya mpita njia hilo si jambo dogo, ndiyo maana unaona watu wamepanua miguu na wengine wameng’ang’ania reli. Lakini hakuna waya uliokatika, wala nguzo iliyopasuka. Daraja lilifungwa tarehe 12 Juni kwa sababu watu walishindwa kutembea vizuri na ilihofiwa wangeangushana, si kwa sababu chuma kilikuwa kimekaribia kushindwa. Lilifunguliwa tena tarehe 22 Februari 2002 likiwa limerekebishwa, na halijarudia tabia hiyo. Kwa hiyo ulichokiona ni ugonjwa wa daraja ambalo limekwisha kupona.

Naomba tukae kidogo kwenye kilichotokea siku ile, kwa sababu mtu akikijua, hofu yake hupungua kuliko akiambiwa tu “usiogope”. Unapotembea, unaweka mguu chini kama mara mbili kwa sekunde, na kila unapohamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia unaisukuma sakafu kidogo pembeni. Msukumo huo ni mdogo sana, pengine haufiki sehemu moja ya ishirini ya uzito wako, na juu ya barabara hakuna anayeuhisi. Lakini unakwenda kushoto na kurudi kulia takriban mara moja kwa sekunde, na daraja lile jembamba, lenye nafasi ya kati ya mita 144 kutoka nguzo hadi nguzo, kwa asili yake linapenda kuyumba pembeni kwa mwendo wa karibu na huo. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, kidole kimoja kinatosha kumpeleka juu.

Kwa miaka mingi maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba watu walianza kwenda hatua moja bila kujijua, kama vimulimuli wanaowaka pamoja. Yanavutia, lakini hayatoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hata watu wakitembea kila mmoja na mwendo wake, bado daraja linaweza kuanza kuyumba. Wewe unayevuka kwa pantoni la Kigamboni utaelewa haraka. Chombo kikiegemea upande mmoja, aliyesimama hajiulizi. Mguu wenyewe unatoka pembeni kumzuia asianguke. Ndivyo watu walivyofanya pale juu. Kila mmoja, katika kujisawazisha asianguke, aliisukuma sakafu kidogo, na ukijumlisha misukumo yote, ile iliyoongeza mwendo ilizidi ile iliyoupunguza. Hawakuhitaji kupiga gwaride. Ilitosha kila mtu ajitetee.

Mtu huuliza: mbona basi walipokuwa wachache halikuyumba? Fikiria simtanki yenye tundu dogo chini. Ukifungulia bomba kidogo, maji yanayoingia yanatoka kwenye tundu na tanki halijai kamwe. Ongeza bomba kidogo kidogo, bado hakuna kitu. Kisha unafika mahali ambapo yanayoingia yanazidi yanayotoka, na kuanzia hapo tanki linajaa hadi linamwagika, ingawa ulichoongeza mwishoni ni kidogo tu. Watu ni bomba, na tundu ni uwezo wa daraja kuumeza mtikisiko na kuupoteza. Daraja la Millennium lilikuwa na tundu dogo mno. Ndiyo sababu watu mia moja walipita salama, na walipoongezeka hadi kuvuka kiwango fulani, sakafu ikaanza kuyumba chini yao.

Tiba yake, basi, ilikuwa kupanua tundu. Hawakulibomoa daraja wala kulifunga nguzo mpya mtoni, jambo ambalo lingeharibu sura yake. Waliweka vifaa 37 vinavyofanya kazi kama shokapu za gari, ambavyo hugeuza mwendo kuwa joto ndani ya kimiminika kizito, pamoja na mizigo 52 iliyoegeshwa kwenye springi, ambayo hutikisika yenyewe ili sakafu isitikisike. Kazi hiyo iligharimu takriban pauni milioni 5. Kabla ya kulifungua, watu wapatao 2,000 walialikwa kulivuka kwa pamoja ili lijaribiwe, likatulia. Mimi nililivuka miaka kadhaa baadaye, nikaruka-ruka katikati kama mtoto nikitaka nihisi chochote, nikaambulia patupu. Nakiri nilisikitika kidogo.

Kuna dhana nyingine ambayo huenda binti yako atakuhadithia mkifika kwenye Daraja la Albert, mojawapo ya yale ya zamani huko London, kwamba askari wakipita kwa hatua moja daraja huvunjika. Ina chimbuko. Tarehe 12 Aprili 1831, askari 74 walikuwa wakivuka daraja la kuning’inia la Broughton, karibu na Manchester, wakihisi linadunda chini ya hatua zao na kulifurahia, mara upande mmoja ukaanguka. Wapatao 20 waliumia, hakuna aliyekufa. Lakini uchunguzi ulikuta kwamba boliti iliyokatika ilikuwa na kasoro tangu ilipofuliwa. Mtikisiko uliifichua mapema kasoro iliyokuwamo. Naitaja habari hii kwa sababu inatenganisha mambo mawili unayoyachanganya: daraja zima linaweza kuyumba na likabaki zima, na daraja bovu linaweza kutulia kimya hadi siku ya kuanguka.

Hilo linanirudisha Manzese. Daraja la chuma la waenda kwa miguu linalopita juu ya barabara pana ni boriti ndefu na nyepesi, kwa hiyo hudunda kidogo watu wakitembea, na lori kubwa likipita kwa kasi chini yake husukuma upepo na kutikisa ardhi iliyoshika nguzo. Unachokihisi ni hicho, na mtetemo peke yake si ishara ya hatari. Zinazostahili kukutia wasiwasi ni dalili unazoweza kuziona kwa jicho: boliti isiyokuwepo mahali pake, ufa kwenye sehemu iliyochomelewa, kutu inayobanduka kwa magamba, bamba la sakafu linaloinuka ukilikanyaga, au reli inayocheza mkononi. Ukiona mojawapo, usipite kimya. Toa taarifa ofisi ya serikali ya mtaa ili mhandisi afike alitazame kwa macho yake. Hata mimi siwezi kulipima daraja kwa maelezo ya barua.

Sasa tuje kwenye kichwa chako. Mwili wa mtu aliyesimama hautulii kabisa. Huyumba kidogo muda wote, na ubongo huusawazisha kwa kutumia sikio la ndani, nyayo na macho. Macho hutambua myumbo huo kwa kulinganisha na vitu vilivyo karibu, kama ukuta, mlango au mti wa jirani. Ukiwa katikati ya daraja, kitu cha karibu hakipo. Kilichopo ni ng’ambo ya mto, mbali sana, na kwa umbali huo myumbo wako mdogo hauonekani. Ubongo hukosa kipimo, mwili huyumba zaidi ya kawaida yake, nawe unahisi kwamba kinachoyumba ni daraja. Mara nyingi, mama, samahani, anayeyumba ni wewe.

Ndiyo maana kufumba macho ni dawa mbaya: utakuwa umeuondolea ubongo hata kile kipimo kidogo kilichobaki. Fanya kinyume chake. Tembea upande wa reli, uiguse. Si lazima kuing’ang’ania, vidole viwili vinatosha, kwa sababu vinauambia ubongo mahali ulipo. Tazama vitu vilivyo mbele yako mita mbili au tatu, nguzo za reli au mgongo wa binti yako. Usikodolee maji yanayopita chini, maana yatakudanganya kwamba unayetembea ni wewe. Ukitaka kuangalia mandhari, simama kwanza, weka mkono juu ya reli, ndipo uinue macho.

Mazoezi unaweza kuyaanzia hapa hapa nyumbani kabla ya safari. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina njia za waenda kwa miguu pembeni, reli nzuri na bahari chini. Nenda jioni jua likiwa limepoa, ukiwa na mtu wa nyumbani. Ingia hatua hamsini, simama hadi moyo utulie, ndipo urudi. Kosa la watu wengi ni kurudi wakiwa bado wanatetemeka, mwili ukajifunza kwamba nafuu iko katika kukimbia. Siku nyingine ongeza hatua mia. Lina urefu wa kilometa 1 na kidogo, kwa hiyo hutaishiwa na daraja la kujifunzia.

Hata hivyo, usiniachie mimi suala la presha. Kama wepesi wa kichwa unakujia juu ya daraja tu, huenda ni hayo niliyoyaeleza. Kama unakujia pia unapoinuka kitandani, unapogeuza shingo, au ukiwa dukani umesimama mahali imara, nenda ukamwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha hushusha presha kupita kiasi mtu anaposimama, na huenda dozi ikahitaji kupangwa upya. Usiiache wala kuipunguza kwa uamuzi wako. Mwulize pia jinsi ya kupanga saa za kumeza, kwani mwezi Aprili London iko nyuma yetu kwa saa mbili, na dawa zenyewe uziweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Ukizimia, ukipata maumivu ya kifua, ukilegea upande mmoja wa mwili au ulimi ukawa mzito, hilo ni jambo la hospitali saa ileile, iwe Tabata au London. Na ikiwa hofu yenyewe imefika mahali inakuzuia hata kupanda ngazi za daraja la kwenda kituoni, wapo wataalamu wa saikolojia wanaoitibu kwa hatua kama hizo za Tanzanite, kwa utaratibu na usimamizi bora kuliko wangu.

Tukubaliane kuhusu siku yenyewe. Binti amekuanzishia pagumu, bila shaka kwa upendo. Mimi ningeanza asubuhi katika bustani ya St James’s, ambamo kuna daraja dogo la zege la mwaka 1957 juu ya bwawa. Ni fupi, liko chini, halitikisiki kwa kipimo unachoweza kukihisi, na ukisimama katikati unaliona jumba la kifalme la Buckingham upande mmoja, huku wari wakiogelea. Ndege hao wamefugwa humo tangu mwaka 1664, balozi wa Urusi alipomzawadia mfalme. Miti itakuwa inachanua. Kaeni hapo muda wa kutosha, maana ndipo utakapouonja huo uzuri wa machipuko anaousema binti, na hakuna mto unaokutisha.

Kutoka hapo mtatembea taratibu kama robo saa hadi mtoni, kwenye madaraja mawili ya Golden Jubilee ya mwaka 2002, yaliyobebana na daraja la reli la Hungerford, moja kila upande. Kila moja lina upana wa mita 4.7 na kuna lifti, kwa hiyo magoti hayatalalamika. Chagueni lile la magharibi ili mlione Bunge la Uingereza. Nakutahadharisha mapema: treni ikipita kando utasikia mlio na mtetemo, na moyo utaruka, simama, gusa reli, iache ipite. Binti akipenda historia, mwambie kwamba mahali hapo mhandisi Brunel alijenga daraja la kuning’inia la waenda kwa miguu mwaka 1845, na reli ilipolichukua eneo hilo, minyororo yake ilihamishwa ikatumika katika daraja la Clifton, mjini Bristol, lililofunguliwa mwaka 1864 na ambalo watu wanalivuka hadi leo. Na kwenye nguzo mojawapo ya zamani mtaona rundo la mbao za kuteleza zenye magurudumu (skateboard) zilizovunjika, ambazo vijana huzitupa pale kama kuzizika.

Baada ya chakula fuateni ukingo wa kusini hadi Tate Modern, kiwanda cha zamani cha umeme kilichogeuzwa jumba la sanaa, na hapo ndipo Millennium linapoanzia. Kabla ya kupanda, simameni chini yake, mtazame juu: zile shokapu utaziona kwa macho yako, zimepangwa kama mikono iliyonyooshwa. Nakushauri ulivuke kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa sababu limeelekezwa moja kwa moja kwenye kuba la kanisa la St Paul’s, hivyo kila ukisimama utajua unakokwenda. Na kwa macho yako ya karibu kuna kazi nzuri: msanii mmoja amechora picha ndogo mno, za rangi kali, juu ya bigijii zilizotemwa zikakwama kwenye mifereji ya sakafu ya alumini. Nyingine si kubwa kuliko ukucha wa dole gumba. Zitafuteni moja baada ya nyingine, na nadhani mtakuwa mmekwisha kupita katikati kabla hujakumbuka kuogopa.

Saa za mchana daraja hilo hujaa watu, nami sina njia ya kukuficha hilo. Msongamano hauliyumbishi tena, lakini unakunyima nafasi ya kusimama upendavyo. Mngelivuka saa moja asubuhi mngelikuta tupu, ila ungekuwa hujajizoeza kwenye yale mepesi. Kati ya hayo mawili, mimi nachagua mazoezi kwanza, na siku ya katikati ya wiki badala ya Jumamosi. Mvua ya Aprili kule huja na kwenda, na upepo wa mtoni una baridi isiyofanana na ya masika yetu, kwa hiyo vaa nguo za tabaka na viatu vya soli ya mpira. Ukifika mguu wa daraja siku hiyo na moyo ukakataa, binti avuke peke yake nawe umpungie mkono kutoka chini. Kuliangalia kutoka ukingoni nako ni kuliona.

Limebaki la Albert, la mwaka 1873, ambalo liko mbali upande wa magharibi, hivyo pandeni basi. Kwa haki silo la waenda kwa miguu peke yao, lakini ni zuri kuliko yote mtakayoyaona, na jua mwezi huo huzama karibu saa mbili usiku, ndipo linapowashwa taa kwa maelfu. Hili, mama, sitakudanganya: hutetemeka kidogo, na wenyeji walilipa jina la utani la Bibi Mtetemaji. Mwaka 1973 liliongezewa nguzo za zege katikati ili lisaidiwe kubeba uzito. Mkiwa mmechoka, liacheni. Mkilifikia, soma kibao kilichoko mwanzo wa daraja kinachowaamuru askari waache kwenda hatua moja wanapovuka, kisha mshike binti mkono, mwende kila mmoja na mwendo wake.